UZI: Mchele wa dhahabu wa Ufilipino, kilichomo ndani ya punje na kilichoukwamisha shambani

#1 Mwana wa Bondeni

Wanajukwaa, habari za jioni.

Naomba leo tuuzungumze mchele. Mimi ni mtoto wa wakulima wa mpunga, bonde la Kilombero. Kilimo nimekisomea, na kwa miaka mingi nimekuwa nikifuatilia habari za ule mchele wa njano wa Ufilipino ambao wengine wanauita mkombozi na wengine wanauita sumu. Kila ukitajwa huku mitandaoni, mjadala unaishia kwenye matusi kabla mtu hajaeleza ni kitu gani hasa. Nitaeleza ninavyoelewa, na penye kasoro nikosoeni.

Twendeni kwanza mashineni. Kwetu msimu wa mavuno, kijana wa mashine anamimina gunia la mpunga juu, mkanda unapiga kelele, halafu chini vinatoka vitu vitatu: mchele upande huu, chenga upande ule, na pumba zinarushwa nje. Nikiwa mdogo kazi yangu ilikuwa kuzoa zile pumba laini kwenye kiroba nimpelekee bibi alishie kuku wake. Ukiziminya kiganjani zinashikana, maana zina mafuta, na harufu yake ni tamu. Kuku wale walinenepa kweli. Miaka mingi baadaye, darasani, ndipo nikaelewa nilichokuwa nawapelekea: vitamini za kundi B, sehemu kubwa ya madini ya chuma, mafuta, na kile kiinitete ambacho kingeota kikawa mche. Sisi mezani tulibaki na kiini cheupe, karibu wanga mtupu. Mchele uliokobolewa ukang'aa, chuma kinachobaki ndani yake ni kama maikrogramu 2 tu kwa kila gramu.

Kiswahili kina mpunga, mchele na wali. Lishe nyingi inapotelea pale mpunga unapogeuka mchele.

Mtu atasema, basi tule mchele usiokobolewa. Kwa vitamini B na chuma ana hoja, ingawa mchele huo hauvumilii ghala, mafuta yake yanaharibika upesi. Kwa vitamini A hana hoja kabisa. Punje ya mpunga, ikobolewe isikobolewe, haina beta-karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Cha ajabu ni kwamba jani la mpunga huo huo limejaa beta-karotini. Mmea unajua kuitengeneza, ila ndani ya punje njia ile imezimwa katikati: malighafi ya mwanzo ipo, hatua zinazofuata hazifanyiki. Watafiti walitafuta aina ya mpunga yenye kiini cha njano ili waizalishe kwa kuchavusha kama kawaida, hawakuipata.

Hapo ndipo walipoingia wanasayansi wawili, Ingo Potrykus wa Zurich na Peter Beyer wa Freiburg, Ujerumani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walianza kuuliza: tukiwasha zile hatua mbili tatu zilizozimwa, je, punje itajaza yenyewe? Wakachukua jeni (kinasaba) moja ya ua la dafodili na nyingine ya bakteria wa udongoni, wakaziunganisha na swichi za kuziwasha ndani ya kiini cha punje. Januari 2000 wakatangaza matokeo. Punje ilikuwa ya njano. Ndiyo sababu ya jina mchele wa dhahabu.

Lakini ilikuwa na maikrogramu 1.6 tu kwa gramu. Wapinzani walipiga hesabu, wakasema mtoto atalazimika kula sufuria nzima na zaidi kwa siku, na kwa mchele ule wa kwanza hesabu yao haikuwa mbali na ukweli. Mwaka 2005 watafiti wa kampuni ya mbegu ya Syngenta waliitoa jeni ya ua wakaweka ya mahindi, kazi ile ile ila ya mahindi ina nguvu zaidi, na kiwango kikapanda hadi maikrogramu 37 katika mistari ya mbegu iliyofanya vizuri. Ni mara 23.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watoto kati ya 250,000 na 500,000 hupofuka kila mwaka kwa kukosa vitamini A, na nusu yao hufariki ndani ya miezi 12 baada ya kupoteza macho. Sasa hivi tuko zaidi ya miaka 20 tangu punje ile ya kwanza, na mchele wenyewe bado umesimamishwa kwa amri ya mahakama. Nataka tujue kwa nini.

Nitaendelea. Karibuni.

#2 Chungu Kimoja

Mkuu, umeeleza vizuri, ila nina swali la mama wa nyumbani. Kwa nini huyo mtoto asile mchicha, matembele, papai, embe? Vyote hivyo vipo shambani na havihitaji maabara. Naona kama tunazunguka mbuyu.

#3 Nesi wa Kata

Dada Chungu Kimoja, swali lako ndilo wananiuliza akina mama kila kliniki, na mimi mwenyewe niliwahi kuliuliza.

Mwaka wangu wa pili kazini, mama mmoja alimleta mtoto wa miaka 3. Alisema, "Nesi, mchana anacheza na wenzake, jua likizama anapapasa ukuta. Jana amekanyaga sahani ya chakula." Nikamgeuza mtoto kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye weupe wa jicho, pembeni, kulikuwa na doa dogo la kijivu, kama povu la sabuni lililokaukia pale. Ukishaliona mara moja hulisahau. Nikamuuliza anakula nini. Asubuhi uji mweupe, mchana ubwabwa, jioni ubwabwa. Mboga? "Hapendi, anatema." Tulimpa dozi ya vitamini A siku ile, kesho yake, na nyingine baada ya wiki 2. Macho yake yakapona kwa sababu aliwahi. Wapo wasiowahi.

Kwa hiyo mchicha ndiyo, na kila siku nausisitiza. Lakini kuna mambo matatu. Mchicha wa kuchemshwa bila mafuta mwili hauchukui sana, beta-karotini inataka mafuta. Embe lina msimu wake. Na mtoto mdogo tumbo lake ni dogo: akishashiba wali, mboga inabaki pembeni ya sahani. Wataalamu wanahesabu kwamba kwenye mboga na matunda, maikrogramu 12 za beta-karotini ndizo zinazotoa 1 ya vitamini A. Utafiti wa mwaka 2009 kwa watu wazima waliokula huo mchele wa dhahabu ulipata wastani wa 3.8 kwa 1. Tofauti hiyo ni kubwa, na mimi ndiyo iliyonifanya niache kuubeza.

Kuna na matone ya vitamini A pia, Juni na Desemba, nitayasema baadaye. Kuna foleni hapa.

#4 Sauti ya Jembe

Nimesoma kwa makini, na naheshimu uzoefu wa nesi. Lakini naomba niseme upande mwingine kwa uzito ule ule.

Kwanza, huo utafiti wa kulisha watu. Mwaka 2008 huko Hunan, China, watoto wa shule wa miaka 6 hadi 8 walilishwa mchele huu na wazazi wao hawakuelezwa wazi kwamba ni wa kubadilishwa vinasaba. Maofisa wa China walifukuzwa kazi kwa jambo hilo, na mwaka 2015 jarida lililochapisha utafiti ule liliufuta. Wazazi wale wangekuwa sisi, tungesemaje?

Pili, mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilisema mchele huu hauna tatizo la usalama, lakini ikasema pia kwamba beta-karotini yake ni ndogo mno kuandikwa kwenye pakiti kama faida ya lishe. Tatu, mtoto anayekula wali mtupu mara 3 kwa siku tatizo lake ni umaskini. Ukimpaka wali wake rangi ya njano, baba yake bado hana ardhi. Wakulima wa mtandao wa MASIPAG kule Ufilipino wanasema hivyo tangu mwanzo. Wao wanatunza mbegu zao za asili, na wanaogopa kuja kuwa wageni kwenye mashamba yao wenyewe.

Simtuhumu mtu humu. Naomba tu hoja hizi zijibiwe.

#5 Mwana wa Bondeni

Sauti ya Jembe, asante kwa kuja na hoja. Nitajibu moja moja.

Hunan. Uko sahihi na sina la kutetea. Waliofanya vile walikosea, wazazi walinyimwa haki yao, na kufutwa kwa utafiti kulistahili. Naongeza kwamba ulifutwa kwa kukosekana uthibitisho wa ridhaa na idhini, na hakuna mtoto aliyeripotiwa kudhurika na chakula chenyewe. Lakini wale waliotaka kusaidia waliiharibu imani kwa mikono yao, na imani ikishaharibika hairudishwi na takwimu. Nadhani doa hilo limeugharimu mchele huu kuliko maandamano yote.

Marekani. Ni kweli waliandika hivyo. Lakini walikuwa wanahesabu kwa Mmarekani, ambaye wali kwake ni wa mara moja moja. Kule Ufilipino makadirio ya watafiti ni kwamba mtoto mdogo akila wali wake wa kawaida atapata asilimia 30 hadi 50 ya mahitaji yake ya vitamini A. Hiyo nusu au theluthi, ukiongeza na mboga kidogo na matone, inamtoa kwenye hatari. Na kuna udhaifu mwingine ambao watetezi wa mchele huu hawapendi kuusema: beta-karotini inapungua mchele ukikaa ghalani, hasa penye joto. Mchele wa miezi mingi sio sawa na wa juzi. Hilo lisemwe.

Umaskini. Ndugu yangu, baba yake hana ardhi, nakubali kabisa. Lakini jicho la mtoto halisubiri mageuzi ya ardhi.

Hofu ya umiliki wa mbegu nakujibu chini, maana inataka maelezo marefu.

#6 Binti wa Muscat

Assalam alaikum wote. Mimi niko Muscat mwaka wa 9, chumba kimoja na Wafilipino wawili, nafanya nao kazi hotelini. Uzi huu umenigusa kwa sababu yao.

Wajua wenzetu wale nao wana maneno matatu kama sisi? Mpunga wanauita palay, mchele bigas, wali kanin. Nilipowaambia kwamba na sisi tunayo matatu tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Salamu yao mtu akiingia ndani ni "Kumain ka na?", umeshakula? Na wakiulizana hivyo wanamaanisha wali. Asubuhi wali wa jana unakaangwa na kitunguu saumu, mchana wali, usiku wali. Mmoja wao aliniambia kwao, miezi ya njaa kabla ya mavuno, kinabaki wali na chumvi, na mama yake alikuwa anawaambia wafumbe macho wavute picha ya samaki.

Nilimuuliza juu ya huo mchele wa njano. Aliwahi kuusikia, kule wameuita Malusog, maana yake wenye afya. Hajawahi kuuona wala kuula. Akasema neno moja: kama unapikika laini kama ule wetu na bei ni ile ile, mama yangu angeununua kesho, na kama una harufu ngeni, hata mkigawa bure utaliwa na kuku.

#7 Mzee wa Kyela

Vijana, hamjambo. Huyo Mfilipino amesema neno la mkulima.

Mimi nalima mpunga Kyela tangu kabla wengi wenu hamjazaliwa. Mchele wetu unajulikana kwa harufu. Ukiubandika jikoni, mpita njia anajua. Tayari tuna shida: mtu ananunua gunia moja la Kyela, analichanganya na magunia mawili ya mchele mwingine, anaandika Kyela, na mteja akila anasema Kyela imeharibika. Sasa mkileta mbegu ngeni yenye rangi, je, haitaingia kwenye majaruba yetu? Chavua itaruka, na baada ya miaka 10 sitakuwa na Kyela wala sitakuwa na huo wenu. Nijibuni hilo.

#8 Mtafiti wa Mbegu

Shikamoo mzee. Niruhusu nijibu, mimi kazi yangu ni kuzalisha mbegu za mpunga.

Mpunga unajichavusha wenyewe. Ua linafunguka muda mfupi tu, na mara nyingi chavua imeshaangukia ndani ya ua lile lile. Kuchanganyika kati ya jaruba na jaruba kwa kawaida hakufiki asilimia 1. Mahindi ndiyo yenye tabia unayoiogopa. Kwa hiyo kwa upepo, hofu ni ndogo. Lakini mzee umegusa penyewe uliposema magunia. Mpunga unachanganyikia turubaini, mashineni, ghalani na kwenye mbegu za kuazimana. Hapo hata mimi nakubali kwamba ulinzi wetu ni hafifu, ingawa punje ya njano walau inaonekana kwa macho, huwezi kuificha ndani ya Kyela.

Nieleze na kitu ambacho watu hawakielewi. Mchele wa dhahabu sio aina ya mpunga. Ni tabia moja inayohamishwa kuingizwa kwenye aina ambayo wakulima tayari wanaipenda. Unachavusha, unarudisha kwa mama yake wa asili, unarudisha tena na tena, mpaka unabaki na mmea ule ule wa zamani wenye punje ya njano. Kazi hiyo ni ya miaka, na haitoki sawa kila mara. Mstari wa kwanza walioutegemea sana, ulioitwa GR2R, uliwaangusha: mavuno yalikuwa chini. Watafiti wa India walipouingiza kwenye aina yao maarufu ya Swarna, mimea ilitoka mifupi na iliyopauka, na mwaka 2017 wakaonyesha sababu: jeni zilizopandikizwa zilitua katikati ya jeni nyingine inayosimamia ukuaji. Ikabidi kuhamia mstari mwingine, GR2E. Kwa hiyo watu wanaosema mchele huu ulicheleweshwa na wanaharakati peke yao wanaacha nusu ya habari. Miaka mingi ilipotea kwenye kazi yetu wenyewe ya mbegu.

Na sio vitamini A tu. Bangladesh mwaka 2013 ilitoa mpunga wenye zinki nyingi, BRRI dhan62, kwa kuchavusha kwa kawaida bila kupandikiza jeni yoyote. Zinki inawezekana hivyo kwa sababu aina za mpunga zinatofautiana sana kwa zinki. Chuma kimegoma. Wamechavusha miaka na miaka, punje iliyokobolewa inabaki pale pale. Ndipo wakatumia jeni ya feritini ya soya, ghala la chuma la mmea, pamoja na jeni nyingine ya mpunga wenyewe inayosafirisha madini. Mwaka 2016 walichapisha matokeo ya mashamba ya Ufilipino na Kolombia: chuma kama maikrogramu 15 kwa gramu kutoka zile 2, na zinki kama 45, kwenye mchele uliokobolewa. Nilipoiona hesabu ile sikulala vizuri kwa furaha. Kwa mjamzito mwenye upungufu wa damu, hizo ni namba zenye maana.

#9 Mzee wa Kyela

Marahaba mwanangu. Umejibu kama mtu aliyewahi kukanyaga tope.

#10 Sauti ya Jembe

Mtafiti, nashukuru kwa ukweli wa GR2R, wengi wangeuficha. Bado nasubiri jibu la umiliki.

#11 Mwana wa Bondeni

Nimerudi. Umiliki sasa.

Mwaka 2000, walipokagua, waligundua kwamba mbinu na vifaa vilivyotumika kutengeneza punje ile moja vilikuwa vimefungwa na hataza (haki za umiliki wa uvumbuzi) kama 70 za makampuni na taasisi 32. Fikirini hilo, mtu ameanza kazi ya kusaidia watoto maskini halafu anakuta mlango una kufuli 70. Walichofanya ni kujadiliana na Syngenta na wengine mpaka wakapata leseni ya bure kwa matumizi ya kibinadamu: taasisi za umma za nchi zinazoendelea zinapewa bila malipo, na mkulima ambaye kilimo chake kinamwingizia chini ya dola 10,000 kwa mwaka haongezewi senti kwenye bei ya mbegu, anaruhusiwa kuhifadhi mbegu, kupanda tena na kuuza mazao yake sokoni nchini mwake. Sio mbegu ya kununua kila msimu. Mtu anayesema mkulima atafungwa na mchele huu anazungumzia mbegu nyingine.

Lakini Sauti ya Jembe, hofu yako naielewa inakotoka. Leseni ni karatasi, na mkulima wetu ameshaona karatasi nyingi. Mimi ningetaka mbegu kama hii itunzwe na kuzalishwa na taasisi ya umma, na wakulima wawe na kiti mezani tangu siku ya kwanza. Ufilipino mbegu ilikuwa mikononi mwa taasisi ya serikali ya utafiti wa mpunga, PhilRice, pamoja na kituo cha kimataifa cha utafiti wa mpunga, IRRI. Walau hilo lilikaa sawa.

Yaliyofuata kule niyaandike kwa kifupi. Agosti 8, 2013, kundi la watu kama 400 lilivamia shamba la majaribio huko Pili, jimbo la Camarines Sur, wakang'oa mimea. Mwaka 2016 zaidi ya washindi 100 wa tuzo ya Nobel waliandika barua kulitaka shirika la mazingira la Greenpeace liache kuupinga. Kati ya mwisho wa 2017 na 2018 Australia na New Zealand, Kanada na Marekani zilitoa kauli kwamba ni salama kuliwa. Desemba 2019 Ufilipino ikaruhusu uliwe, na Julai 2021 ikaruhusu ulimwe kibiashara, nchi ya kwanza duniani. Mwaka 2022 wakulima wa majimbo yaliyochaguliwa wakavuna. Halafu Aprili 17, 2024, Mahakama ya Rufaa ikafuta vibali, katika kesi iliyoletwa na MASIPAG, Greenpeace na wenzao, ikisema uhakika wa kisayansi kuhusu usalama haujatimia na lazima tahadhari itangulie. Bangladesh nao wamekaa na maombi yao tangu 2017.

Nimesoma hoja za mahakama mara kadhaa nikitafuta madhara yaliyothibitishwa. Sikuyaona. Niliona shaka, na shaka ile haiwezi kuisha kamwe, kwa sababu hakuna chakula hata kimoja, hata muhogo wetu, kinachoweza kuthibitishwa kwamba hakitamdhuru mtu yeyote milele. Tahadhari inayopima hatari ya kula bila kupima hatari ya kukosa, kwangu mimi imepima upande mmoja wa mizani.

#12 Mwea Pishori

Salamu kutoka Kirinyaga. Huku Kenya marufuku ya GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa vinasaba, iliwekwa Novemba 2012, ikaondolewa Oktoba 2022, kesi zikafuata mahakamani. Katika kelele zote hizo sijasikia mtu akitaja lishe, wote wanabishana juu ya mahindi na wadudu. Tanzania je? Nilisikia kulikuwa na majaribio Dodoma.

#13 Mtafiti wa Mbegu

Ndiyo kaka. Makutupora, mahindi ya kustahimili ukame, yalipandwa Oktoba 2016. Mwishoni mwa 2018 serikali ikaamuru majaribio yasimame, na zuio likarudiwa 2021. Mpunga wa lishe wa namna hii haujawahi kupandwa kwetu. Uganda wana ndizi yenye vitamini A, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Australia, iko kwenye mashamba ya utafiti, lakini sheria ya kuiruhusu haijatiwa saini.

Ila tusisahau tulichonacho mkononi. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, havina jeni ya kupandikizwa hata moja, na mwaka 2016 waliopigania mazao ya namna hiyo, Maria Andrade, Robert Mwanga wa Uganda, Jan Low na Howarth Bouis, walipewa tuzo ya dunia ya chakula. Kwa Kilombero na Kyela, leo hii, ningeanza na viazi hivyo kwenye matuta yanayozunguka majaruba.

#14 Chungu Kimoja

Mtafiti, viazi hivyo mwanangu anavila mpaka analamba vidole. Nimeelewa sasa kwa nini mpunga umewashinda na viazi havikuwashinda: kwenye viazi rangi ilikuwepo, wakaikuza. Kwenye punje haikuwepo kabisa. Mwana wa Bondeni, kama ungekuwa wewe waziri, ungeuruhusu?

#15 Mwana wa Bondeni

Dada, ningeuruhusu Ufilipino na Bangladesh bila kusita, kule wali ndio maisha na kazi ya mbegu imeshafanyika. Kwetu ningeruhusu majaribio kwenye shamba la serikali, milango wazi, Mzee wa Kyela na wenzake waje waukanyage, waupike, wauonje, halafu waseme wao. Na nisingepunguza tone hata moja wala tuta moja la viazi kwa sababu yake.

#16 Nesi wa Kata

Foleni imeisha, nimerudi kwenye matone kama nilivyoahidi.

Kidonge cha bluu ni cha miezi 6 hadi 11, uniti 100,000. Chekundu ni cha miezi 12 hadi 59, uniti 200,000. Tunakata ncha kwa mkasi, tunaminya mdomoni, mtoto anakunja uso, basi. Kinga inakaa miezi michache tu, ndiyo maana tunarudia mara mbili kwa mwaka, na ndiyo maana ningependa chakula cha kila siku kinisaidie hiyo miezi ya katikati. Kila awamu kuna nyumba tunazikosa: mama yuko shambani amelala kibandani analinda ndege, mtoto yuko naye, hatuwafikii.

Awamu ya Desemba tunaanza Jumatatu saa 2 asubuhi. Mwenye mtoto chini ya miaka 5 aje na kadi, na walioko mashambani watumiwe ujumbe leo usiku ili waanze safari mapema. Waliotimiza mwaka watapewa na dawa ya minyoo.